Babu Aliyewekwa Mlangoni

Wiki iliyopita tulimwacha Kunthea amepiga magoti mbele ya mlango wa nyuma, moshi unamtambalia miguuni, king'ora kinalia, na wanawake wa ukumbi mzima wa kushona wanaukimbilia mlango mmoja tu, ule wa mbele. Kufuli analiona. Ila kati yake na kufuli kimekaa kibanda cha Babu.

Aliyeanza nasi anamjua Babu. Aliyeingia leo na asikie: Babu ni mzimu mwenye ardhi ile. Alikuwapo kabla ya kiwanda, kabla ya barabara, kabla tajiri mwenye kiwanda hajazaliwa. Kila kiwanda pembezoni mwa Phnom Penh kina Babu wake, na kibanda chake chekundu, na vijiti vyake vya udi, na sigara yake moja iliyowashwa. Hakuna mwanamke wa pale atakayekisogeza kibanda cha Babu kwa mkono wake. Afadhali ashike waya wa umeme.

Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Mweusi, mzito, unanuka godoro lililoungua.

Kunthea akapenyeza mkono pembeni ya kibanda, huku anaomba radhi, akavuta kufuli. Halikutikisika.

"Mjomba Sarin, ufunguo," akaita.

Mjomba Sarin ndiye mkuu wa walinzi. Funguo zote za kiwanda zinaning'inia kiunoni mwake, akitembea utadhani mbuzi wa kengele. Alimtazama Kunthea. Akatazama juu, kwenye kioo cha ofisi ya meneja. Kisha akashika zile funguo zisilie, akageuka, akaenda zake.

Wewe msomaji ungemfanyaje mtu huyo? Weka hasira yako akiba. Utaihitaji mbele.

Moshi ukapungua. Ukawa uzi. Ukakatika kabisa, kama mtu aliyeziba mdomo upande wa pili. King'ora nacho kikazimwa. Ndipo ukasikika ukelele kutoka mlango wa mbele.

Pale mlangoni wanawake huvua ndala. Hakuna aliyewalazimisha, ni adabu. Huingii na matope mbele ya Babu na mbele ya nguo nyeupe za watu. Basi kila asubuhi ndala zinalundikana pale kama samaki sokoni, na king'ora kilipolia, watu badala ya kutoka waliinama. Kila mmoja anatafuta jozi yake. Mwenye ya kulia anatafuta ya kushoto. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele wameinama. Msichana mmoja, Theary, alikanyagwa mkono akiwa anavuta ndala yake, na mfupa ukavunjika kama kijiti cha muwa.

"Ndala," alisema Bibi Yorn, mshonaji mzee kuliko wote, akimfunga Theary mkono kwa kitambaa chake cha shingo. "Tungekufa hapa wote, watukute tumeshika ndala. Wangeandika kaburini: hawa walikuwa wasafi."



Meneja Vireak akashuka ngazi. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, nywele zinang'aa, na sauti yake haipandi kamwe. Wanaume wa namna hiyo waogope.

"Nani ameona moto?" akauliza.

Wanawake wakatazamana.

"Nauliza, nani ameona moto?"

"Tumeona moshi," Kunthea akasema.

"Moshi usio na moto mimi nauita njaa. Asubuhi hamli, mchana mnaona vitu. Wiki iliyopita mlizimia, leo mnaota moshi. Kesho mtaniambia mmeona tembo amekaa kwenye cherehani."

"Ulitoka chini ya mlango wa nyuma, bwana meneja. Tufungulie tuone kuna nini."

"Mimi nimekuzuia?" Vireak akanyoosha mkono kuelekea kile kibanda chekundu. "Aliyeuzuia mlango ni Babu. Anayeweza kumhamisha Babu na aje mbele amhamishe. Nitampigia makofi."

Wanawake wakatazama sakafu. Vireak akangoja kidogo, akatabasamu, akapanda ngazi. Kilichomuuma Kunthea zaidi ya yote ni lile tabasamu.

Maana Kunthea ana mdogo wake mle ndani. Rumduol. Ana mimba kubwa, anatembea ameshika kiuno, na cherehani yake ni ya mwisho kabisa, kwenye kona ya mlango wa nyuma. Moto ukitokea, mlango wa mbele uko mbali naye kama mtaa mwingine. Juu ya kichwa chake kuna kibao cha kijani kimeandikwa NJIA YA KUTOKEA, na mshale. Mshale unaelekea kwenye kufuli. Kila siku Kunthea anauona mshale ule, na kila siku anamwona mdogo wake chini yake.

Aliomba Rumduol ahamishiwe mbele. Akaambiwa mbele ni kwa wenye kasi, na mwenye tumbo hana kasi.

Mchana wa siku ile wakala wali na samaki mkavu wakiwa wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Rumduol alikuwa anatafuna embe bichi na chumvi ya pilipili. Mkononi alivaa uzi mwekundu, aliofungwa na mama yao kwa ajili ya mtoto. Mama alikata uzi ule mara tatu: kipande akamfunga Rumduol, kipande akamfunga Kunthea, kipande akajifunga mwenyewe, kwa shida, na kile kidole chake cha mwisho kilichopinda.

"Mama hajambo?" Bibi Yorn akauliza.

"Anakohoa," Rumduol akajibu. "Tumemkataza kazi, kakataa. Anaosha vyombo hotelini, anasema. Jioni anarudi nywele zimejaa vitu vyeupe vyeupe."

"Hoteli gani hiyo inapika pamba?"

"Muulize wewe, Bibi. Sisi akituangalia tu tunanyamaza."

Kunthea hakuwa anasikiliza. "Bibi," akasema, "Babu alianza lini kukaa mle ndani? Mimi nilipoajiriwa nilimkuta uani, karibu na tangi la maji."

Bibi Yorn akaweka kijiko chini. "Umeuliza vizuri. Masika haya tu. Alikuja mkaguzi wa serikali, akauona mlango, akasema ufunguliwe na usifungwe tena. Haikupita wiki, meneja akatuambia kaota ndoto. Eti Babu kamjia analia, anaogopa mvua."

"Babu anaogopa mvua."

"Ndiyo hivyo. Babu aliyekaa mvuani tangu mababu wa mababu zetu, ghafla akaanza kuogopa mafua. Wiki hiyo hiyo mkaguzi aliposema mlango ufunguliwe."

"Nani aliomba ruhusa? Alikuja mzee wa kusoma dua?"

"Nani aje? Walinzi walimbeba kama friji."

 Sasa Kunthea aliuona mpango wote. Mtu yule alijua kabisa wanawake hawa wanaogopa nini, akakichukua kitu chenyewe wanachokiheshimu akakigeuza komeo. Kufuli la chuma mtu anaweza kulivunja kwa nyundo. Hili lingine, nani alivunje?

"Sasa wewe," mshonaji mmoja akamchokoza, "si ujifanye umepandwa tu? Uanguke, utoe sauti ya kizee, useme: nihamisheni. Nani atakataa kukuhamisha?"

"Simchezei Babu," Kunthea akasema. "Yule keshachezewa vya kutosha."

Akaamua kungoja wakaguzi wa wanunuzi. Wale walikuwa wanakuja baada ya siku mbili, kutoka ng'ambo, wenye maduka yanayouza nguo zile. Alijiambia: hao wakiambiwa mlango umefungwa, mlango utafunguliwa. Maskini Kunthea. Alidhani kazi ngumu ni kusema tu.

Asubuhi ya siku hiyo kiwanda kilikuwa kimeoga.

Marobota ya vitambaa yaliyokuwa yanaziba njia kati ya cherehani yalikuwa yamekwenda, hakuna ajuaye wapi. Mitungi ya kuzimia moto imesimama kila nguzo, myekundu, mipya, imeletwa alfajiri na lori. Bibi Yorn akausogelea mmoja akausoma ubavuni polepole, kidole chini ya herufi.

"Huu umeandikwa jina la kiwanda cha viatu cha ng'ambo ya mto," akasema. "Umekuja matembezi. Jioni unarudi kwao."

Kibanda cha Babu nacho kilipambwa. Maua ya manjano, kitambaa cha hariri kilichoshuka mpaka chini, matunda yamepangwa ghorofa kwa ghorofa. Kufuli likapotea kabisa nyuma ya hariri. Vireak anawajua wageni pia. Mgeni akiona udi unafuka huficha mikono nyuma, anaogopa kukosea.

Kisha akawapanga wanawake, akawafundisha.

"Leo ndala msiache mlangoni. Kila mtu aziweke kwenye mfuko chini ya kiti chake. Filimbi ikilia, chukua, toka, tabasamu. Mkiulizwa milango mingapi, semeni miwili. Mkiulizwa zoezi la moto mnafanya mara ngapi, semeni kila mara."

"Kila mara ndiyo mara ngapi, bosi?" Bibi Yorn akauliza kwa upole kabisa.

"Bibi, wewe nyamaza tu. Sema huna meno."

Akaja mkaguzi mmoja tu. Mama mrefu mwenye kofia ya plastiki, macho makali, mtu anayeonekana wazi hajaja kula matunda. Tatizo ni kwamba Kikhmer, lugha ya pale, hakijui hata neno. Na mkalimani aliyepewa, kijana wa suti ya kubana, alikuwa mtoto wa dada yake Vireak.

Filimbi ikalia. Wanawake wakatoka kama maji, ndala mikononi, kila mstari na kiongozi wake mwenye fulana ya njano iliyotolewa kwenye mfuko asubuhi ile ile. Wakasimama uani mahali pa kukusanyika, ambapo siku zote husimama gari la tajiri, leo limeondolewa. Mkaguzi akatazama saa yake, akatikisa kichwa kuridhika.

Ulikuwa uongo mtupu, msomaji wangu, wenye miguu na ndala. Theary alikuwa nyumbani na mkono kwenye bendeji, na nafasi yake mstarini alisimamishwa karani wa ofisi.

Waliporudi ndani, mkaguzi akapita kati ya cherehani anauliza huyu na yule. Alipofika karibu, Kunthea akasimama. 

"Mwambie hivi," akamwambia mkalimani. "Nyuma ya ile hariri kuna kufuli. Mlango ule haujafunguliwa tangu masika. Na juzi moshi ulitoka chini yake."

Kijana wa suti akamgeukia mkaguzi, akasema maneno marefu matamu. Mkaguzi akatabasamu. Akampa Kunthea mkono.

Kunthea akaushika ule mkono, macho kwa mkalimani. Hakuna mtu duniani anayeambiwa kuna kufuli kwenye mlango wa moto akatabasamu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unashukuru kwa feni mpya."

"Mwambie nilichosema."

"Dada, kaa chini."

"Mwambie nilichosema, wewe mtoto wa watu. Mdogo wangu anakaa pale. Una dada wewe? Ana mimba?"

Mkaguzi akaacha kutabasamu. Akamwangalia Kunthea, akamwangalia mkalimani, akauliza kitu. Kijana akacheka, akajishika tumbo, akaonyesha kwa mkono: huyu ana njaa, hawa huzimia. Na Vireak akawa ameshafika. Akaongea Kikhmer, chinichini, uso unacheka ili mgeni aone kicheko.

"Kesho usije," akamwambia Kunthea. "Na mdogo wako asije. Na popote mtakapokwenda kuomba kazi, nitakuwa nimeshapiga simu."

Hapo Kunthea alikuwa ameshindwa. Tusidanganyane. Alisema kweli, kweli ikageuzwa feni.

Ndipo kiti kikaanguka kule kona.

Rumduol alikuwa sakafuni. Macho yamegeuka meupe, miguu inapiga, mikono ameizungushia tumbo kama anamlinda mtoto na mtu. Kunthea akaruka juu ya mafungu ya suruali akamfikia, akamwinua kichwa. Rumduol akamsukuma. Akaketi mwenyewe, akakunja miguu kama wanavyoketi wazee wa kiume, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya koo la tumbaku.

"Nani amenifanya mlinzi?"

Cherehani zikanyamaza moja baada ya moja, mpaka mbele kabisa.

"Nauliza mimi, mwenye ardhi. Nani amenitoa uani kwangu akanileta hapa nizibe tundu, kama gunia la pumba? Mnanipa ndizi. Mnanipa sigara. Mgongo wangu unaungua na nyie mnanipa maua."

Wanawake wote walikuwa wameshashuka chini, viganja vimeunganishwa mbele ya uso. Walinzi nao. Hata yule kijana wa suti ya kubana alipiga goti bila kujijua, suruali ikachanika mshono wa nyuma.

"Anaigiza," Vireak akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Basi msogelee umwambie hivyo," Bibi Yorn akamjibu kutoka sakafuni. "Nenda. Tutakupigia makofi."

Vireak hakwenda.

Mkaguzi alikuwa amebaki wima peke yake, hana wa kumtafsiria. Na hapo ndipo alipoanza kuelewa. Maana alianza kuangalia macho ya watu yanaelekea wapi, na yote yalikuwa yanaelekea kwenye ile hariri.

"Mwenye funguo yuko wapi?" sauti ikauliza.

Mjomba Sarin akaja kwa magoti. Funguo zikawa zinakwaruza sakafu. Jasho limemlowanisha shati lote.

"Babu, mimi nilitumwa."

"Juzi huyu binti alikuita."

"Aliniita, Babu."

"Ukazishika funguo zisilie."

Sarin akaanza kulia. Mwanamume mzima mwenye rungu. "Nilizishika."

"Nibebeni. Nirudisheni mvuani kwangu."

Wakambeba. Kunthea mbele, Bibi Yorn nyuma, na wengine wakiinua pembeni, wakiomba radhi kwa kila hatua. Hariri ikadondoka. Kufuli likaonekana, kubwa, jeusi, limepakwa grisi. Mkaguzi akavuta pumzi, akatoa simu, akapiga picha. Akapiga nyingine. Kisha akamgeukia mkalimani na kumwambia maneno machache, na hayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Vireak akawahi kusimama mbele ya Sarin. "Ukifungua huo mlango, kazi huna."

Sarin akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kazi nitatafuta nyingine, bosi," akasema. "Babu nitamtafuta wapi mwingine?"

Akapita. Ufunguo ukaingia, ukakwama, ukazunguka. Kufuli likaanguka. Kunthea akaushika mlango kwa mikono miwili, ule mlango aliouota usiku na mchana, akauvuta kwa nguvu zake zote, na bawaba zikalia, na mlango ukafunguka.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Matofali ya saruji, kutoka chini mpaka juu, yamepangwa moja juu ya jingine. Saruji ya kuungia rangi yake bado mbichi, haijapata hata vumbi.

 Kibao cha kijani kiliendelea kuwaka juu, mshale wake umeelekea kwenye tofali.

Kunthea hakuelewa kwanza. Aliangalia kama mtu aliyefungua sufuria akakuta jiwe. Kisha akaelewa, na kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni. Wamekalishwa hapa. Wamefundishwa kutabasamu. Wamechorewa ramani ukutani, yenye njia mbili nyekundu, na mtu aliyeichora aliijua njia ya pili ni saruji. Rumduol angefika hapa na tumbo lake, moshi nyuma, angepata hata huo ufunguo, angefungua, na angekufa amekumbatia tofali.

"Ni nini hii?" akamuuliza Vireak.

"Upande ule si wetu. Mwenye jengo amepangisha watu wengine."

"Nimekuuliza ni nini hii."

"Ni mpaka, Kunthea. Kila nyumba ina mpaka. Usilete..."

"Ulijua."

Vireak akarudi hatua moja nyuma.

"Ulijua, ukaweka kufuli juu yake ili tupigane na kufuli. Ukaweka Babu juu ya kufuli ili tusipigane kabisa."

Akaupiga ukuta kwa kiganja. Akakiondoa haraka.

Akakirudisha tena, polepole, kama anayempima mtoto homa.

"Una joto," akasema.

Bibi Yorn akaja akaweka mkono wake. Uso wake ukaanza kupauka. "Mgongo wangu unaungua," akanong'ona. "Si ndivyo alivyosema?"

Ndipo wakasikia. Hafifu sana, chini chini, kama panya kwenye gunia. Mtu anagonga. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anagonga.

"Nyamazeni," Kunthea akasema, akaweka sikio.

Sauti ya mwanamke ikapenya, mbali. "Nani yuko hapo? Nasikia watu. Sisi wa sponji, wa magodoro. Mlango wetu wa mbele wameufunga kwa nje, wameenda kula. Sponji inawaka. Juzi tuliizima kwa maji ya kunywa, leo imetushinda."

Kumbe juzi ndio wao. Ule moshi ulioitwa njaa ulikuwa wao.

Kwenye mistari ya saruji mbichi moshi ukaanza kutoka, nyuzi nyuzi, mweusi, unanuka godoro.

"Tokeni wote," Kunthea akaita. "Acheni ndala. Atakayeinama nitamkanyaga mwenyewe. Bibi, watoe. Mjomba Sarin, zunguka mtaa wa nyuma, uvunje huo mlango wao wa mbele, na uite zimamoto unakimbia."

Sarin akatoka mbio, na safari hii funguo zililia mtaa mzima. Wanawake wakatoka pekupeku, wakiruka mafungu ya suruali. Mkaguzi hakutoka. Alikuwa amevua koti lake, anavuta meza ya kukatia nguo kutoka kwenye njia.

Kunthea akanyakua mtungi mwekundu kutoka kwenye nguzo, akang'oa pini, akaelekeza mdomo wake kwenye moshi, akabana. Mtungi ukatoa pumzi ndogo, kama mzee anayegeuka kitandani. Mtupu. Akachukua wa pili. Mtupu. Vireak alikuwa anaelekea mlango wa mbele kwa haraka, na ajabu, alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake.

"Haya," Kunthea akasema. "Kama hauzimi, utabomoa."

Akauinua ule mtungi wa kuazima juu ya kichwa, akaupiga ukutani. Tofali likatoa vumbi. Akapiga tena, analia, anatukana, kila pigo na jina lake: hili la Theary, hili la feni, hili la ndoto ya mvua. Mkaguzi akachukua mtungi mwingine akasimama kando yake, wakawa wanapokezana kama watwanga mpunga.

Tofali likapasuka. Tundu likafunguka, la kupita mkono. Kwanza ukatoka moshi. Kisha vikatoka vidole, vyeusi kwa masizi, vimejaa chembe nyeupe za sponji, vinapapasa hewa.

Rumduol alikuwa amekataa kutoka. Alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, macho yamerudi, tumbo ameshika, hakumbuki alichosema wala nani alisema. Akauona ule mkono. Akaona kidole cha mwisho kilichopinda. Akauona uzi mwekundu kwenye kifundo, uliokatwa na wa kwake siku moja.

"Dada," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Huyo ni mama."